Ndogo zinakwenda, kubwa zinabaki

Ijumaa ya Mei 10, 2024, saa kumi na moja jioni, wenzangu walipokwisha kuondoka, nilianza kuhamisha barua pepe za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Moshi. Masanduku yalikuwa 64. Yote yalikaa kwenye seva moja iliyowekwa chumba cha nyuma, pembeni ya masjala, na seva yenyewe ilikuwa imechoka. Mgao wa umeme wa mwisho wa 2023 uliiumiza sana. Betri za UPS, zile zinazoshikilia seva umeme ukikatika, zilikufa, umeme ukawa unazima na kuwaka mara mbili tatu kwa siku, na diski moja kati ya mbili ikaanza kuandika makosa kwenye logi, daftari la matukio la seva, kila usiku. Kila asubuhi, kabla sijawasha taa ya chumba kile, nilikuwa nasimama mlangoni kwanza nisikilize kama feni bado inazunguka.

Mle ndani mlikuwa na barua tangu 2011. Fomu za mikopo zilizoskaniwa, barua za wadhamini, mawasiliano na wanachama waliohamia Dar es Salaam na Mwanza. Mwanachama akifariki, familia huja kuuliza kama deni lilikwisha, nani alimdhamini, alimwandika nani kuwa mrithi. Mara nyingi jibu huwa kwenye sanduku moja tu, lile la idara ya mikopo, ambalo peke yake lilikuwa na gigabaiti 11. Nakala tulikuwa nayo kwenye diski ya nje, lakini diski hiyo nayo ilikaa chumba hicho hicho, ikila umeme ule ule. Ndiyo maana nilimsumbua meneja miezi mitatu hadi akakubali twende kwenye wingu, yaani barua zikae kwenye seva za kampuni nyingine tunazozifikia kwa mtandao.

Kazi yenyewe, kwa maelezo, si ngumu. Huduma ya wingu ndiyo inayokuja kubisha hodi kwenye seva yako kwa IMAP, lugha ya kusomea barua zilizo kwenye seva, mlango namba 993, inaingia kwa jina na nenosiri la kila mfanyakazi, inasoma folda moja baada ya nyingine na kunakili kila ujumbe upande wa pili. Siku chache kabla nilikuwa nimeshusha muda ambao mitandao mingine hukumbuka rekodi yetu ya MX, ile inayosema barua zetu zipelekwe seva gani, kutoka saa 24 hadi dakika tano, ili siku ya kuhama barua mpya zisipotee njiani zikiifuata seva ya zamani. Anwani za wafanyakazi na kalenda nilizitoa mapema kwa mkono, kwa sababu njia hii huhamisha ujumbe tu.

Usiku ule mambo yalikwenda vizuri. Kufikia Jumamosi jioni masanduku 14 yalikuwa yamekamilika, nami nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

Jumapili mtandao ukakata. Natoka ibada ya kwanza, nashika simu, hakuna kinachofunguka. Mchana tukasikia kuwa mikongo ya baharini, EASSy na SEACOM, imepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nzima ikawa inalizungumzia jambo hilo. Hata muuza ndizi wa stendi alijua habari za mkongo, maana wateja wake walikuwa wamekwama kutuma hela.

Jumatano, Mei 15, mtandao wa ofisi ukarudi. Ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwepo. Mtoa huduma wetu alinipigia akasema ametuhamishia njia nyingine mpaka mikongo itakapotengenezwa. Nikamshukuru, nikawasha upya uhamishaji wa masanduku 50 yaliyobaki.

Saa ya kwanza nilifurahi, maana namba zilikuwa zinapanda. Kisha sanduku moja likasimama, la pili nalo, na kufikia jioni karibu yote yalikuwa yamesimama. Kwenye ukurasa wa huduma ya wingu kila mstari ulikuwa mwekundu: muunganisho na seva umeshindwa, muda umekwisha. Nikibonyeza kujaribu tena, sanduku linaingia bila shida, linaorodhesha folda zote, linachukua ujumbe kumi, ishirini, halafu linaganda. Dakika kadhaa baadaye, kosa lile lile.

Nilianza kwenye logi za Dovecot, programu ya seva yetu inayofungulia watu masanduku yao, na mle nilikuta kitu kweli. Seva ilikuwa inakataa mtumiaji mmoja kufungua zaidi ya miunganisho kumi kutoka anwani moja. Kumi ndicho kiwango chake cha kawaida usipokigusa, na huduma ya wingu ilikuwa inafungua mipya huku ile iliyoganda bado inahesabiwa. Nikapandisha hadi 50. Ujumbe ule ukatoweka kwenye logi, masanduku yakaendelea kuganda.

Nikaenda kwenye Fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea nenosiri mara nyingi, nikakuta imefungia anwani mbili za wingu kwa sababu ya manenosiri mawili niliyokosea kuandika kwenye orodha. Nikazifungulia na kusahihisha orodha. Hakuna kilichobadilika. Nikakagua cheti cha seva, kile kinachothibitisha kuwa ni yenyewe, tarehe, jina, mnyororo wote hadi juu, kikawa sawa. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Katika seva iliyoishi miaka 13 hukosi kasoro. Kila utakapochimba utapata kitu kibovu, utakitengeneza kwa furaha, na kumbe hicho sicho kilichokuwa kinakuua.

Alhamisi usiku nilikata tamaa kwa namna ambayo wakati ule niliiona ni ya busara. Nilimwambia meneja ni mkongo. Ni lazima iwe mkongo, nchi nzima inajua. Akanisikiliza, akasema, "Basi tungoje. Lakini diski inangoja?" Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye chumba cha nyuma, nikakaa nikiisikiliza feni.

Ijumaa asubuhi mama wa masjala akaja mlangoni kwangu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na sote ofisini, hata meneja, tulimwita Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, barua zangu nani kazifunga?"

Akanieleza kwamba wenzetu wa Dodoma wanapata barua zake fupi, tena mara moja, na wanajibu. Lakini zile alizoambatisha fomu hazifiki. Siku ya pili analetewa taarifa kuwa barua imechelewa, bado inajaribiwa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mtandao urudi Jumatano. Wiki iliyopita fomu zilikuwa zinakwenda."

Nikamjibu nilivyokuwa nimewajibu wote. Ni mkongo, Mama, mtandao ni mdogo, avumilie.

Hakuondoka. Alisimama pale na daftari lake mkononi, akaniangalia. "Mtandao ukiwa mdogo unachelewesha zote, mwanangu. Huu unachagua. Ndogo zinakwenda, kubwa zinabaki."

Nilimpa kiti. Nikafungua foleni ya barua zinazotoka, ambayo kwa siku mbili sikuwa nimeigusa kwa sababu nilikuwa nahangaika na zinazohama. Zilikuwa 37 zimekwama. Nikazipitia moja moja. Hakukuwa na hata moja isiyo na kiambatisho. Na kwenye logi ya Postfix, programu inayotuma barua, kila moja ilikuwa na maelezo yale yale, kwamba muda umekwisha wakati wa kutuma mwili wa ujumbe. Salamu imepita, jina la mtumaji limepita, la mpokeaji limepita. Ukifika mwili, kimya.

Masanduku yangu nayo yalikuwa yanafanya hivyo hivyo. Kuingia ni maneno machache. Kuorodhesha folda ni maneno machache. Barua fupi ni pakiti moja ndogo, yaani kifurushi kimoja cha data. Kinachoganda ni pale seva inapotakiwa kutoa pakiti iliyojaa.

Nikawasha tcpdump kwenye seva, programu inayoonyesha kila pakiti inayopita, nikamwita Mama aone, ingawa ilikuwa mistari ya namba tu. Pakiti ndogo zilitoka na kujibiwa. Pakiti kubwa, za baiti 1,500 kamili, zilitoka na hazikujibiwa. Seva ikazirudia baada ya sekunde moja, baada ya mbili, baada ya nne, ikizidi kuacha nafasi, hadi upande wa pili ukachoka na kukata.

Barabara ya kwenda Himo ina mizani ya malori pale Njia Panda. Lori likizidisha uzito linazuiwa, na dereva anapewa karatasi yenye kipimo chake, ili mwenye mzigo ajue apunguze kiasi gani. Mtandao nao una karatasi hiyo. Ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti njiani, ikipokea pakiti kubwa kuliko inavyoweza kupitisha, na pakiti imeandikwa isikatwe vipande, inaitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hupeana taarifa, aina ya 3, msimbo wa 4: kubwa mno, mwisho wangu ni kiasi fulani. Mtumaji anapunguza, safari inaendelea, hakuna binadamu anayejua kuwa kulikuwa na mazungumzo hayo.

Kwetu karatasi haikuwa inafika. Nikajaribu kupima kwa ping, yaani kutuma pakiti ya ICMP ya kujaribu na kungoja jibu, nikakumbuka kuwa kwenye seva ile ping haifanyi kazi. Na nilikumbuka kwa nini. Mwaka 2019, baada ya ukaguzi wa usalama uliosema seva yetu inajibu ping za watu wa nje, niliandika mstari mmoja kwenye fayawoli, mlinzi wa mlango wa seva, uliofunga ICMP yote. Nilitakiwa kufunga ombi la ping peke yake. Nilifunga kila kitu kwa sababu mstari mmoja ulikuwa mfupi kuliko minne, na miaka mitano haikuonekana tofauti yoyote, kwa kuwa njia yetu ya zamani ilipitisha baiti 1,500 bila kulalamika.

Nikauondoa mstari ule, kwa nia ya kupima tu. Nikatuma ping ya baiti 1,472, ambayo ukiongeza baiti 28 za vichwa vyake, yale maelezo ya anwani yanayotangulia data, inafika 1,500, nikiamuru isikatwe. Jibu likaja papo hapo kutoka ruta ya mtoa huduma: inahitaji kukatwa, mwisho 1,476.

Zile 24 zilizopungua zilikuwa na maelezo yake. Njia mpya tuliyohamishiwa ilipita ndani ya handaki. Kila pakiti yetu ilikuwa inatiwa ndani ya bahasha nyingine, na bahasha hiyo, kwa aina ya handaki iitwayo GRE, huchukua baiti 24. Nikapima 1,448, ikapita. Nikapima 1,449, ikarudi.

Nilipogeuka kumweleza Mama, kompyuta ya pembeni ilikuwa tayari inaonyesha masanduku yanasonga. Sikuwa nimetengeneza kitu kingine chochote. Karatasi ya mizani ilikuwa imepata mlango wa kuingilia, seva ikapunguza mzigo yenyewe. Barua 37 zikaanza kutoka kwenye foleni, nyingine zikiwa zimekaa siku mbili. Mama akachukua simu akampigia mwenzake wa Dodoma. "Angalia sasa." Tukangoja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. "Zimeingia zote? Asante, mwanangu." Akakata simu, akafunga daftari, akarudi masjala kwake, kazi zilikuwa zinamngoja.

Jioni ile nilirudisha kufuli kwenye ping za watu wa nje, mkaguzi alikuwa na haki yake, lakini ujumbe wa aina ya 3 nikauachia njia. Nikaongeza pia mstari unaopunguza ukubwa wa data katika kila pakiti ya TCP, zile zinazobeba barua, inayotoka hadi 1,436, yaani 1,476 ukitoa 40 za vichwa, ili hata kama ruta nyingine huko mbele itanyamaza, tusikwame tena. Kisha nikaenda kwa meneja nikamwambia kuwa haukuwa mkongo peke yake. Mkongo ulitubadilishia njia. Kilichoziba njia ni mstari wangu wa 2019. Nilimwonyesha tarehe na jina langu juu yake. Akauliza kama diski bado inazunguka. Nikamwambia inazunguka.

Sanduku la mikopo, lile la gigabaiti 11, ndilo lililomaliza la mwisho, Jumapili saa tatu usiku, mvua ya masika ikipiga bati hadi sisikii feni. Nikabadilisha rekodi ya MX, nikajitumia barua kutoka kwenye simu, ikaingia upande wa wingu. Nikatuma nyingine yenye picha tano. Ikaingia.

Ripoti ya mwisho ilikuwa na ujumbe tatu zilizoachwa. Huduma tuliyoichagua haipokei, kwa njia hii, ujumbe unaozidi megabaiti 35, na zile zote zilivuka: skani za hati za viwanja, kurasa nyingi, mtu alizituma kwa rangi. Jumatatu asubuhi nilizitoa kwenye seva ya zamani nikazitia kwenye flashi, nikampelekea Mama. Akazichapa, akatoa daftari la masjala, akaandika tarehe, namba za wanachama na idadi ya kurasa kwa kalamu yake. Halafu akaligeuza daftari upande wangu, akaniambia nisaini kwamba nimekabidhi. Nikasaini.