Leo hakukuwa na cha kuchomoa

Naandika kwa simu ya dada. Yangu imeanguka Kariakoo mchana huu, kioo kimezima kabisa.

Zamani ningechomoa laini, nikaipachika kwenye kitochi, basi.

Lakini mwezi uliopita nilihamia laini ya kidijitali (eSIM), ile inayokaa ndani ya simu bila kadi. Niliipenda: mwizi hawezi kuichomoa akaitupa, na simu moja inabeba namba kadhaa.

Leo mama alikuwa anasubiri hela ya dawa. Hela yote iko kwenye namba ile.

Saa mbili nzima foleni, kidole kwenye mashine, ndipo nikapewa namba yangu kwenye laini ya kadi.

Kadi ndogo kama ukucha. Nimeifumbata njia nzima hadi nyumbani.

Jamani, ninyi mnatumia ipi? Niambieni.