Wiki za Kusubiri Upasuaji ni Sehemu ya Matibabu

Mgonjwa akishapangiwa tarehe ya upasuaji, ushauri anaoupata kutoka kwa ndugu na majirani mara nyingi ni kwamba apumzike, asijichoshe, akae kitako mpaka siku ifike. Wanaomshauri hivyo wanampenda, lakini sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, hutusikitisha kuusikia, kwa sababu mwili uliolala wiki nzima nzima hupoteza misuli, na misuli ndiyo akiba ya protini ambayo kinga ya mwili itaitegemea baada ya kisu.

Upasuaji, hata ufanywe na mkono stadi namna gani, ni jeraha. Seli zilizokatwa hutoa kemikali zinazoita seli nyeupe za damu, sitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari, kama interlukini-6, hupanda ndani ya saa chache, na ini huzalisha protini iitwayo CRP, ambayo kwa kawaida hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Mchochota huo, yaani ule uvimbe, joto na maumivu, tunauhitaji, kwani bila huo kidonda hakifungi. Hatari huja unapopita kiasi au unapokawia kushuka. Wakati huohuo kortisoli, homoni ya msongo, hupanda na limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, hupungua katika damu, hata mgonjwa akabaki kwa siku kadhaa na mchochota mkali huku kinga yake dhidi ya vijidudu imelegea. Hapo ndipo nimonia na usaha kwenye mshono hupata mwanya.

Mazoezi husaidia kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Msuli unaofanya kazi nao hutoa interlukini-6, lakini ikitoka huko huchochea kupanda kwa interlukini-10 na vizuizi vingine vya mchochota. Mtafiti Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen, Denmark, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Aidha, mazoezi ya mara kwa mara hupunguza mafuta ya ndani ya tumbo, ambayo huchochea mchochota wa chinichini usiokoma. Nikiri kwamba ushahidi kuhusu faida ya mazoezi kwa uwezo wa kutembea na afya ya mapafu una nguvu kuliko ule wa vipimo vya damu vya mchochota, na kwangu huo wa kwanza unatosha kuanzia kazi.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji wa utumbo mpana alifika akiwa hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Tulianzia hapo hapo: akunje mikono kifuani, arudishe nyayo nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, ainuke, kisha akae taratibu pasipo kujibwaga. Baadaye tuliongeza matembezi ya mwendo unaomfanya aheme kidogo lakini bado aweze kuzungumza. Kabla ya tarehe yake alikuwa akiinuka bila kushika kitu.

Hata hivyo, mazoezi bila chakula cha kutosha humla mgonjwa badala ya kumjenga. Mwaka 1936 daktari Hiram Studley wa Marekani alionyesha kwamba, kati ya wagonjwa waliopasuliwa vidonda vya tumbo, waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito walikufa kwa kiwango cha takribani asilimia 33, ilhali wengine walikuwa karibu asilimia 3.5. Leo wataalamu wengi wa lishe hulenga gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 atahitaji walau gramu 72, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Ndiyo maana mlo wa wanga mtupu wenye kipande kidogo cha samaki haufiki hata nusu ya safari. Mwenye ugonjwa wa figo asijipangie kiwango hiki mwenyewe, bali aamuliwe na daktari wake.

Aliyekonda sana huenda akafaidika upasuaji ukiahirishwa kwa siku 7 hadi 14 ili alishwe kwanza, ikiwa ugonjwa wenyewe unaruhusu. Kwa hiyo siku ile ile ya kupewa tarehe, mgonjwa na aombe apimwe uzito, aulizwe amepungua kiasi gani tangu augue, na aelekezwe kwa mtaalamu wa lishe na wa mazoezi wakati wiki za kutosha bado zimebaki.