Kibodi iliyokuwa inamgomea mdogo wangu tu

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitengeneza programu ndogo ya kuandikia maandishi isiyotegemea Windows wala Linux. Kompyuta ikiwaka, GRUB, yaani programu ya kuchagua cha kuwasha, inaleta menyu, unabonyeza Enter, ukurasa mtupu unatokea, unaandika. Kazi hii naifanya usiku, nyumbani Pasua hapa Moshi, kwenye kompyuta kuukuu ya mezani ambayo mdogo wangu naye anajifunzia kuchapa.

Nikiiwasha mimi, inaandika vizuri. Akiiwasha yeye: "Dada, imeganda tena." Nilimwambia anabonyeza vibaya. Hilo bado linaniuma, maana kosa lilikuwa langu.

Nilianza kwa kushuku sehemu inayochora herufi kwenye skrini, nikapoteza jioni mbili bure. Kilichonitoa gizani ni kuweka vihesabio viwili kwenye kona ya juu: kimoja kinapanda kila saa ya ndani ya kompyuta inapopiga, kingine kila kibodi inapoita. Nikamwomba mdogo wangu awashe. Ikaganda, lakini kihesabio cha saa kiliendelea kukimbia. Cha kibodi kilibaki 0. Kumbe prosesa ilikuwa macho muda wote, ila wito wa kibodi haukuifikia.

Kitufe kikibonyezwa, kidhibiti cha kibodi huweka namba kwenye poti 0x60 (poti ni mlango wa kupitishia namba) na kupandisha laini ya IRQ1, waya wa wito wa kibodi. Chipu ya 8259, inayopokea miito ya vifaa, huiona laini ikipanda, huikatiza prosesa, nayo programu inakwenda kuisoma namba. Isiposomwa, kidhibiti hakitoi nyingine. Kitufe kikiachiwa inakuja namba ya pili, ambayo ni ile ya kwanza ukijumlisha 128.

Kosa linalowapata wengi ni kusahau kutuma 0x20 kwenye poti 0x20 baada ya kila intarapti, yaani kila wito unaoikatiza prosesa, ili 8259 ijue umeshughulikiwa. Mimi nilikuwa naituma. Basi nikachungulia poti 0x64, inayoonyesha hali ya kidhibiti cha kibodi: biti ya mwanzo kabisa ilikuwa 1, yaani kuna namba inasubiri kusomwa. Nikaisoma. 156. Toa 128, inabaki 28, na 28 ni Enter.

Hapo ndipo nilipomtazama mdogo wangu mkononi. Yeye huishikilia Enter kidogo kabla ya kuiachia. Mimi huigusa tu, kwa hiyo namba ya kuachia inapokelewa na BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye kompyuta yenyewe, kabla programu yangu haijaanza. Yake inafika wakati nimeshafunga intarapti na ninaipanga 8259 upya. Chipu hiyo ikipangwa upya husahau wito uliokuwepo, na husubiri laini ishuke kisha ipande tena. Laini nayo haishuki mpaka namba isomwe, na programu yangu haikuwa inasoma mpaka iitwe. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Dawa ilikuwa mistari mitatu: 8259 ikishapangwa, kabla ya kufungua intarapti, soma 0x60 na uitupe namba, rudia mpaka biti ile ya 0x64 iwe 0.

Nikamwita. "Washa kama unavyowasha siku zote." Akaishikilia Enter, akaachia, akaandika jina lake lote, akashuka mstari wa pili. Nikamwomba radhi kwa kumwambia anabonyeza vibaya.

"Haya dada," akasema bila kugeuka, akaendelea kuchapa.