Gitaa la mvule: nilivyoliunda Kisumu kwa vipuri vya kuagiza

Kwa miaka minne nilipiga gitaa la kanisa, na miaka yote hiyo niliogopa kupanda juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala juu ya shingo). Karibu na kichwa sauti zilikaa vizuri. Ukianza kupanda, kila noti inakwea zaidi ya pale inapotakiwa, na ukizidi kupanda nayo inazidi kupotoka. Kwenye pambio mtu anaweza kujificha. Kwenye benga, muziki wa gitaa wa Waluo, huwezi. Gitaa la solo la benga linaishi huko juu. Wazee walioanzisha mtindo huu kandokando ya Ziwa Victoria waliuchukua mchezo wa nyatiti, kinubi cha Waluo, na nyuzi zake 8 wakauhamishia kwenye gitaa, na ukimsikiliza D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz utaelewa kwa nini nilitaka gitaa la kuniruhusu kukaa huko bila wasiwasi.

Gitaa jipya la maana lilinishinda bei. Nikaanza kuagiza vipuri mtandaoni, kimoja kimoja, kadiri mshahara ulivyoruhusu: shingo kwanza, baadaye pikapu mbili (zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba ili kunasa mtikisiko wa nyuzi), kisha daraja (bati linaloshika nyuzi upande wa kiwiliwili), vigingi 6 vya kukazia nyuzi, swichi na volyumu. Kiwiliwili sikuagiza. Ni kizito, nauli yake ingenimaliza, na soko la Kibuye hapa Kisumu limejaa mafundi wa mbao ambao kazi yao naiamini.

Shingo niliyochagua hufungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu 4 tu. Mtindo huo aliusambaza Leo Fender wa California kwa magitaa aliyoanza kuuza mwaka 1950. Mwanzoni alikuwa fundi wa redio. Duka lake la Fullerton alilifungua mwaka 1938, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Alichofanya ni kufikiria kama fundi: shingo ikiharibika, fungua skrubu, weka nyingine. Bila wazo hilo mimi nisingethubutu.

Fundi wa Kibuye alinionyesha saiprasi, nyepesi na rahisi kuchonga, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kipande cha mvule kilichokaa juu ya boriti za karakana yake tangu zamani. Huku kwetu karibu na ziwa hewa ina unyevu, na mbao mbichi itakupinda baada ya kazi yote. Kile kipande ukikigonga kwa kifundo cha kidole kilitoa mlio mkavu kabisa. Tukakipiga randa hadi milimita 45, tukachora umbo, akakata. Ukifanya kazi na mvule funika pua na mdomo. Vumbi lake linawasha kifua na ngozi, na siku ya kwanza nilikohoa hadi usiku. Gitaa lilipokamilika lilikuwa na kilo 4 na kitu. Uzito huo naukubali.

Mahali pa kukalishia shingo fundi alipachimba kwa patasi mwishoni, polepole, akiijaribu shingo kila mara, mpaka ikaingia kwa kusukumwa na kiganja na kubaki hapo hata gitaa likigeuzwa juu chini, kabla ya skrubu hata moja. Nililigeuza mara tatu kwa furaha.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha gitaa ni nini. Freti zimeshapangwa kiwandani kwa hesabu ya urefu mmoja wa uzi. Yangu ilikuwa ya milimita 648: kutoka mfupa wa kichwani, nyuzi zinapopita, hadi freti ya 12 ni 324 kamili, na kutoka hapo hadi pale uzi unapokalia kwenye daraja ni 324 nyingine. Freti ya 12 ni katikati ya uzi. Daraja lisipokuwa mahali pake, hakuna freti itakayosema kweli, hata ukaze nyuzi namna gani. Hapo ndipo nikaelewa ugonjwa wa gitaa la kanisa.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Lakini nilipompa fundi kipimo, nilimwambia, “Pima 648, weka daraja hapo.” Naye akaweka ukingo wa mbele wa bati la daraja kwenye 648, kama nilivyosema. Vikalio, vile vipande sita vya chuma vinavyobeba nyuzi, vilikuwa karibu milimita 20 nyuma zaidi.

Bahati yangu ni kwamba tulikuwa hatujachimba mashimo ya pikapu. Nilifunga nyuzi mbili za pembeni tu, ule mnene na ule mwembamba, ili nione kama shingo imenyooka. Ilikuwa imenyooka, nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo ilikuwa sawa pande zote mbili. Lakini programu ya simu iliniambia noti ya freti ya 12 iko chini, tena mbali. Nilisukuma vikalio mbele hadi skrubu zikaisha. Bado iko chini.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikarudi Kibuye, fundi akasikiliza, akasema tu, “Tuzibe.” Tulichonga vijiti vya mvule ileile, tukavipaka gundi, tukavigonga kwenye matundu ya zamani, tukaacha hadi kesho yake. Safari hii nilipima mwenyewe, kutoka mfupa hadi kwenye kikalio cha uzi mwembamba, mara nne. Viraka vile vimefunikwa na bati sasa. Mtu akiniomba ushauri, hilo ndilo la kwanza ninalomwambia: funga nyuzi mbili kabla ya kuchimba chochote kingine.

Kazi ya nyaya ilikuwa fupi. Volyumu za kilo-omu 250, kapasita moja ya toni, swichi ya njia tatu. Nililehemu mwenyewe, nikawasha amplifaya, ikanguruma kama posho mill. Nikampelekea fundi wa redio wa Kondele. Alifungua, akatazama athi, yaani waya wa ardhi.

“Athi umeipeleka wapi?”

“Kwenye mgongo wa volyumu, mzee.”

“Na nyuzi je? Nyuzi zenyewe hazina athi.”

Nilikuwa nimesahau waya mmoja, ule wa kutoka chini ya daraja. Alikwaruza mgongo wa volyumu kwa msasa ili risasi ishike, akalehemu, akanitaka nishike nyuzi. Mngurumo ukashuka mara moja. Kilichobaki ni ule mvumo mdogo wa pikapu za aina hii, nao niliupunguza kwa kubandika karatasi ya shaba ndani ya mashimo yote na kuiunganisha na athi hiyohiyo.

Jioni tatu zilizofuata zilikwenda kwenye urekebishaji. Nilibana uzi freti ya kwanza na ya mwisho, nikapitisha kadi ya kukwaruza ya simu juu ya freti ya 8. Ilipita kwa taabu kidogo, nami nikaiacha shingo ilivyo. Kisha vikalio, uzi mmoja mmoja. Noti ya kubana kwenye 12 ikiwa juu kuliko ile ya kugusa uzi tu hapohapo bila kuubana, kikalio kirudi nyuma. Ikiwa chini, kije mbele. Robo ya mzunguko wa bisibisi, kaza uzi upya, sikiliza. Stima ilipotea mara mbili nikaendelea kwa mwanga wa simu.

Jirani yangu ni jaduong', mzee wa heshima, aliyepiga solo kwenye bendi alipokuwa kijana. Nilimpelekea Jumapili baada ya chakula. Hakupiga chochote karibu na kichwa. Alikwenda moja kwa moja freti ya 15, akaanza, vidole vikapanda hadi 19 na kurudi, na uso wake haukukunjamana hata mara moja. Alipiga mpaka chai ikapoa.

“Omera,” akasema, bado amelishika, “Jumamosi kuna matanga Ahero. Utakuja na hili?”

Niliweka kwenye mfuko nyuzi za akiba, bisibisi, na ile kadi ya simu.