Bei ya Saa Moja Barabarani: Kwa Gari-Nyumba kutoka Sioux Falls hadi Wall

Kijana aliyetukabidhi gari kwenye ofisi ya kukodisha alituhakikishia kwamba lingekwenda maili 10 kwa kila galoni ya petroli, yaani zaidi kidogo ya kilomita 4 kwa lita. Nikaichukua tarakimu hiyo nikapangia bajeti ya safari nzima, bila kumuuliza alipimia wapi wala alikuwa akienda mwendo gani.

Lilikuwa gari-nyumba la kawaida la Kimarekani: chasi ya Ford E-450 iliyobebeshwa chumba chenye vitanda, jiko, choo na bafu, na juu ya kichwa cha dereva kitanda kingine kilichotokeza mbele kama paji la uso. Upana wake ulikaribia mita 2.5 na kimo chake kilizidi mita 3. Injini ilikuwa V10 ya lita 6.8, na tenki lilibeba galoni 55, ambazo ni karibu lita 208. Baba mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Iringa, na ambaye aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa zaidi ya miaka 30, alilizunguka kimyakimya, akapiga kila tairi kwa kisigino cha kiatu, kisha akasimama mbele ya lile paji na kulitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akasema, “hapa utanunua mafuta ya kusukumia upepo.”

Nilicheka. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na Baba, na tulikuwa tunaelekea magharibi kwa barabara ya I-90 kwenda kuona Badlands, nchi ya miamba iliyochongwa na mmomonyoko katika jimbo la South Dakota. Barabara hiyo ina jambo moja linalomfaa sana mtu anayependa hesabu. Nguzo zake za maili huhesabiwa kuanzia mpaka wa Wyoming, na njia za kutokea barabarani hupewa namba za nguzo hizo. Sioux Falls tunakoishi iko kwenye maili 396, Chamberlain 263, Kadoka 150 na Wall 110. Ukitoa namba moja kwenye nyingine umepata umbali, hata kama kihesabu maili cha gari la kukodi hukiamini.

Tangu mwaka 2015 kikomo cha mwendo kwenye barabara kuu za aina hiyo huko South Dakota ni maili 80 kwa saa, karibu kilomita 129. Mimi nilijiona mtu wa kiasi nilipoweka kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachoshika mwendo mmoja bila dereva kukanyaga mafuta, kwenye 75. Mpaka Mitchell nilikuwa naona kila kitu kiko sawa, isipokuwa kwamba kila tulipofika kwenye kimlima kidogo gia ilishuka yenyewe, injini ikapiga kelele hata mazungumzo yakakatika, na vyombo vikagongana kabatini. Nje, majani yote yalikuwa yamelala upande mmoja, yakielekeza ncha zao kwetu. Mtu aliyekulia karibu na mashua angeelewa mara moja maana yake. Mimi sikuelewa mpaka tulipofika Chamberlain, kwenye kingo za Mto Missouri, nikajaza tenki.

Tulikuwa tumekwenda maili 133. Pampu ilisoma galoni 21.5. Nikagawanya kwenye simu, nikapata maili 6.2 kwa galoni. Nikagawanya tena, nikidhani nimebonyeza vibaya.

Baba hakuwa akitazama pampu. Alikuwa akitazama bendera ya kituo cha mafuta, iliyonyooka kama ubao kuelekea mashariki. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo baadaye nililihakiki kwa karatasi na kalamu. Gari halijali mwendo unaosomeka kwenye dashibodi. Linachokijali ni mwendo wake ndani ya hewa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo huo, hivyo mwendo ukizidishwa mara mbili ukinzani huwa mara nne. Gari linalokwenda maili 65 dhidi ya upepo wa maili 20 kwa saa linakutana na hewa ya maili 85, na linasukumwa nyuma kana kwamba lilikuwa likienda 85 siku tulivu. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, gari linakutana na hewa ya maili 45 tu. Ukilinganisha mraba wa 85 na mraba wa 45, utaona kwamba ukinzani wa kwanza ni zaidi ya mara tatu na nusu ya wa pili, na dereva wala hajagusa kanyagio la mafuta. Gari dogo lililochongoka mbele huumia pia, lakini kwa uchache. Letu lilikuwa likisukuma ukuta wa sebule.

Kutoka Chamberlain nilishuka hadi maili 62 kwa saa, nikakaa njia ya kulia na kuwaachia wenye haraka wapite. Malori yalipotupita, hewa yao ilitusukuma kwanza pembeni kisha ikatuvuta, na ilinibidi niushike usukani kwa mikono miwili. Lori moja lilipokuwa mbele yetu nilisogea karibu nalo, kwa kuwa nilihisi gari limekuwa jepesi ghafla. Ule ukuta wa hewa ulikuwa umevunjwa na mwenzetu. Baba alinigusa bega. “Ukijificha nyuma ya lori huoni anachokiona yeye,” alisema. “Akifunga breki, wewe utajua kwa kioo chako.” Nikarudi nyuma, na uzito wa hewa ukarudi pia.

Baada ya mji wa Murdo tulivuka mstari unaotenganisha kanda mbili za saa za Marekani, ambapo saa za kati zinaishia na saa za milimani zinaanza, na simu zetu zote zikarudi nyuma kwa saa nzima. Asubuhi yote nilikuwa nimechoma mafuta ili niokoe muda, kisha serikali ikanipa saa nzima bila malipo mahali ambapo hapakuwa na kitu ila nyasi na ng'ombe. Mke wangu aliliona hilo kabla yangu, na alilirudia mara kadhaa kabla hatujafika.

Tulipofika Wall nilijaza tena: maili 153, galoni 19.6, yaani maili 7.8 kwa galoni. Nikatangaza kwamba kupunguza mwendo kumetupatia zaidi ya maili moja na nusu kwa kila galoni. Baba alikataa. Alisema jambo hilo halijathibitishwa, kwa sababu huenda upepo ulipungua mchana, na kwa sababu kutoka mtoni hadi Wall nchi inapanda taratibu muda wote bila macho kuona. Dereva anayelinganisha kipande kimoja cha barabara na kipande kingine, alisema, hupata jibu analolitaka. Malori yao walikuwa wakiyapima kwenda na kurudi njia ileile, ili mlima uliokuibia wakati wa kupanda ukurudishie wakati wa kushuka.

Basi siku ya tatu, kabla jua halijachomoza, tukaacha mke wangu na watoto Wall, mimi na Baba tukaenda kupima. Wao walikuwa na pa kukaa: duka la Wall Drug, ambalo tangu miaka ya 1930 huwapa wasafiri maji ya barafu bure, na ambalo bado huuza kahawa kwa senti 5. Mpango ulikuwa kwenda Kadoka na kurudi, maili 40 kila upande, mara ya kwanza kwa maili 75 na mara ya pili kwa 60.

Nilitaka kuanza na mwendo wa polepole, lakini Baba alisisitiza tuanze na wa kasi, kwa sababu ambayo isingenijia kichwani. Asubuhi hewa imetulia. Jua likipanda, upepo huamka. Tukianza polepole, tutaupa mwendo wa polepole hewa nzuri na kuuachia mwendo wa kasi hewa mbaya, na tofauti tutakayoiona itakuwa imetiwa chumvi. Tukianza na kasi, upepo ukiamka utauonea mwendo wa polepole, na tofauti itakayobaki baada ya hapo itakuwa ya kweli.

Kwenye kujaza pia alikuwa mkali. Ilibidi tutumie pampu ileile, magurudumu yakiwa pale pale, kwa sababu tenki pana kama lile likiinama kidogo huacha hewa kwenye kona na pampu hukata mapema. Nilijaza mpaka mpini ulipojifunga wenyewe, nikangoja nikihesabu hadi 60, nikajaza mara moja tena ukajifunga, nikaacha. Nilikuwa karibu kubonyeza kitufe cha bei ya chini kabisa kabla sijaona kwamba kilikuwa cha petroli ya okteni 85 (okteni ni kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia), ambayo huuzwa upande huo wa nchi kwa sababu ya mwinuko, ilhali kitabu cha gari kilidai 87. Jenereta tuliizima, kwani hunyonya kwenye tenki hilohilo, na usiku wa kwanza kiyoyozi chake kilikuwa kimekula mafuta ambayo nusura niyahesabie barabara.

Mzunguko wa maili 75 ulichukua dakika 64 na kunywa galoni 11.3. Wa maili 60 ulichukua dakika 80 na kunywa galoni 8.3. Kwa lugha ya vituo vya mafuta vya huko, ni maili 7.1 kwa galoni dhidi ya 9.6, kwa lugha ya nyumbani, ni kilomita 3 kwa lita dhidi ya 4.1. Upepo ulikuwa umeanza kuamka katika nusu ya pili, kama Baba alivyotabiri, hivyo nadhani tofauti halisi ni kubwa zaidi kidogo.

Kwa hesabu ya mraba, ukinzani wa hewa kwenye 75 unazidi ule wa 60 kwa asilimia 56, ilhali mafuta yaliongezeka kwa asilimia 36 tu. Hapo hapana muujiza. Sehemu ya mafuta huliwa na mambo ambayo hayaendi kwa mraba: matairi yanayobonyea chini ya uzito, msuguano wa vyuma ndani ya injini, na pampu na feni zinazozunguka hata gari likisimama. Ndiyo maana pia kushuka kutoka 60 hadi 50 kusingelipa sawasawa na kushuka kutoka 75 hadi 60, na ndiyo maana sikukubali Baba aliponishauri twende 50 katika barabara ambayo wengine wanakwenda 80.

Tarakimu iliyonikaa zaidi niliipata nilipogawanya kwa namna nyingine. Kasi ilituokolea dakika 16 na kutugharimu galoni 3, ambazo kwa bei tuliyolipa, dola 3 na senti 40, ni dola 10 na senti 20. Maana yake ni kwamba nilikuwa nikinunua muda kwa zaidi ya dola 38 kwa saa. Mimi hulipwa pungufu ya hapo kazini. Kwa hiyo kila saa niliyoiokoa kwa kukanyaga mafuta, nilikuwa nikiinunua kwa bei inayozidi ile ambayo mwajiri wangu huninunulia.

Marekani ilishawahi kuifanya hesabu hii kwa niaba ya wananchi wake wote. Baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973, Rais Nixon alitia saini Januari 1974 sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima. Mwaka 1987 majimbo yakaruhusiwa kupandisha hadi 65 kwenye baadhi ya barabara kuu za mashambani, na 1995 kikomo cha kitaifa kikafutwa. Nilipomsimulia Baba, aliuliza watu waliitii vipi sheria hiyo kwenye barabara iliyonyooka namna ile. Nilimwambia kwamba wengi hawakuitii.

Mke wangu alitusikiliza tulipomsomea matokeo, akiwa ameshika kikombe chake cha senti 5. Kisha akapiga hesabu yake mwenyewe: galoni 19.6 kwa dola 3 na senti 40 ni karibu dola 67. “Mmechoma dola 67 kujifunza namna ya kuokoa dola 10,” akasema, na hatukuwa na la kumjibu.

Tulirudi Sioux Falls siku ya tano. Niliweka maili 62 kwenye nyanda, na kwenye vilima nilizima kidhibiti mwendo, nikaacha gari lipungue lenyewe hadi 55 juu ya kilima na lirudishe kasi yake likishuka, ili gia isiporomoke na injini isipige kelele. Vyombo havikugongana. Chamberlain nilijaza kwa utaratibu uleule wa kuhesabu hadi 60, nikagawanya, nikapata maili 10.7 kwa galoni, zaidi hata ya ile ahadi ya kijana wa ofisini. Nilimpa Baba daftari kwa furaha ili aiandike mwenyewe.

Aliandika 10.7 kwa mwandiko wake wa taratibu. Kisha akainua macho kutazama bendera ya kituo, iliyokuwa bado imenyooka kuelekea mashariki, na pembeni ya tarakimu yangu akaongeza neno moja: “upepo”.