"Run" si kukimbia tu

Nilipokuwa bado najifunza kutafsiri, nilikabidhiwa kijitabu cha malezi ya watoto wachanga, nami nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba mama aangalie kama "pua ya mtoto inakimbia". Mzee aliyenihariri hakunifokea, aliyapigia mstari mwekundu maneno yale, kisha akaandika pembeni: "Inakimbilia wapi?"

Shuleni tulikaririshwa kwamba "run" ni kukimbia, basi. Kumbe kamusi kubwa ya Oxford inakipa kitenzi hicho maana 645, kazi iliyomchukua mhariri Peter Gilliver takriban miezi tisa. Katika toleo la 1989 kilichoongoza kilikuwa "set".

Nionavyo mimi, kiini chake ni mwendo usiokatika: chochote kinachokwenda bila kusita, kiwe mto, mashine au mchezo wa kuigiza unaoonyeshwa usiku baada ya usiku, Mwingereza atakitumia kitenzi hichohicho. Kiswahili hakina ukarimu wa namna hiyo, kwani kwetu kila jambo huja na kitenzi chake. Mto hutiririka, kamasi hutoka, injini hunguruma, duka huendeshwa, basi hufanya safari zake, homa hupanda, na kanga mpya ikiloweshwa huchuja rangi. Mkebe wa sukari ukiwa mtupu, Mwingereza husema "we have run out of sugar", kana kwamba yeye ndiye aliyekimbia akatoka ndani ya sukari. Sisi tunaishiwa, maana sukari ndiyo iliyoisha, nasi tumebaki kufikwa na mwisho wake.

Linalonifurahisha zaidi ni uchaguzi. Mmarekani anayetaka kiti hukimbia, Mwingereza kwa desturi husimama, lakini Mswahili hugombea, neno lililotokana na kugomba, na aliyewahi kushuhudia kampeni zetu atakubali kwamba hapo hatukukosea hata kidogo.

Tangu siku ya pua ile, sitafsiri "run" kabla ya kujua ni nani au ni nini kinachotajwa. Hivi karibuni niliirudisha kwa mteja sentensi moja fupi, "She is running again", nikimwuliza kama bibi huyo amerudia mazoezi au anagombea tena. Alinijibu kwamba ni mashua, na fundi amekwisha kuitengeneza injini yake.