Studio za SoHo: namba za viwanja hatimaye zimekubali

Zimekubali! Jana usiku jedwali la wasanii waliokuwa na studio SoHo, New York, na ramani ya viwanja vya huko vimeungana bila jengo hata moja kubaki nje. Wiki tano nimehangaika na hili.

Chanzo ni anwani. Majengo mengi ya barabara ya Broadway yanapenya hadi mtaa wa Mercer upande wa magharibi, au hadi mtaa wa Crosby upande wa mashariki. Msanii aliyezoea mlango wa nyuma aliandika Mercer kwenye kadi zake za mwaliko, huku daftari la kodi likisema Broadway. Mtu mmoja, studio moja, vitone viwili kwenye ramani. Nikaachana na anwani, nikashika namba ya kitalu na kiwanja ambayo jiji hutumia kwa kodi. Nikadhani nimemaliza.

Wapi! Jengo la ushirika hubaki na namba yake ya zamani, kwa kuwa ni mali moja ya wanahisa wote. Ndiyo maana jengo namba 80 mtaa wa Wooster, ushirika ulioanzishwa na msanii George Maciunas mwaka 1967, lilikaa sawa mara ya kwanza. (Ni jengo lile lile ambalo mwaka 1970 mcheza dansi wa mtunzi wa dansi Trisha Brown alishuka akitembea ukutani, kutoka paani hadi chini.) Lakini pale ambapo kila ghorofa iliuzwa kwa hati yake, kiwanja hupewa namba mpya kuanzia 7501, na ile ya zamani inaondolewa. Kila nikiunganisha, majengo hayo yanadondoka. Nilikaribia kulia.

Kilichoniokoa ni picha za kodi za 1939 hadi 1941. Jiji lilipiga picha jengo kwa jengo, na mbele yake kinaonekana kibao chenye namba ile ya zamani ya kitalu na kiwanja. Nimezipitia moja moja, nikizikuza hadi zinaanza kuvunjika. Katika picha moja ya mtaa wa Greene, gurudumu la lori limefunika nusu ya tarakimu ya mwisho, ikabidi nihesabu viwanja kuanzia kona. Saa nzima kwa tarakimu moja, na wala sijutii.

Kuhusu zana: QGIS, programu ya kuchora ramani, haijaniangusha hata siku moja. Lahajedwali, hapana. Namba ya nyumba 10-12 linaigeuza tarehe bila kukuuliza, na nilikuja kugundua safu nzima imeshaharibika. Sasa data yote naiweka kama maandishi matupu.

Wiki hii nilipanga kuanza orodha ya kodi za pango. Sianzi. Nilipofungua picha za rangi za miaka ya 1980 ili kuhakiki, nikaona kibao kidogo kando ya mlango: A.I.R. 3, yaani "Artist in Residence" (msanii anaishi humu), ghorofa namba 3. Vibao hivi vilianza 1961, wazima moto wajue kuna msanii anaishi ndani ya jengo ambalo kwa nje ni kiwanda tu. Miaka kumi kabla ya jiji kuruhusu rasmi wasanii waliothibitishwa kuishi SoHo! Kwa hiyo kumbe ghorofa zenyewe zinaweza kujulikana. Angalizo kwa atakayenisaidia kuingiza data: 3 ya Marekani ni ghorofa ya pili kwa hesabu yetu, maana wao wanaanzia chini kabisa.

Nimeongeza safu ya ghorofa na nimeanza na Wooster, upande wa namba shufwa. Vibao vinavyosomeka hadi sasa ni vinne.